Mkono wa breki: vibana kamba na mazoea ya kulindana kwenye miamba ya Masasi

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Masasi ni takriban kilomita 200. Unapita Mtama, Nanganga na Ndanda, mikorosho kulia na kushoto, na ukikaribia Masasi yanajitokeza majabali. Ni vilima vizima vya jiwe tupu, Mtandi, Mkwera na vingine, vimesimama peke yake juu ya ardhi tambarare. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt alizunguka pande hizi za kusini mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1900 alivipa vilima vya aina hii jina la inselberg, ambalo wanajiografia wa dunia nzima wanalitumia mpaka leo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianzisha Masasi makazi ya watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Miamba hii imetazamwa na watu wengi kwa miaka mingi, lakini kuipanda kwa kamba, kwa mkanda na helmeti, ni jambo geni kwa wengi wetu, na vijana wanaovutiwa nalo wanaongezeka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na anayeanza ni hili: ninunue kifaa gani cha kushikia kamba? Anataka jina la kifaa na bei yake. Naelewa, maana vifaa hivi ni ghali, na mtu aliyedunduliza hela ya korosho hataki kununua mara mbili. Ila swali hilo linatanguliza jambo la pili. Hakuna kibana kamba kinachomshika mtu anayeanguka chenyewe, peke yake, kila mara. Kinachomshika ni mkono wa mwenzake, na kibana kinaongeza nguvu ya mkono huo. Mkono usipokuwepo, au ukiwa mahali pasipo pake, kifaa cha bei mbaya kinaweza kugeuka tundu la kupitishia kamba tu.

Tuanze na namna mambo yanavyokwenda. Watu ni wawili na kamba ni moja. Mpandaji amevaa mkanda unaozunguka kiuno na mapaja, na ncha ya kamba imefungwa kwenye mkanda huo kwa fundo la nane lililorudishwa njia yake. Kamba inapanda hadi kwenye karabina, yaani pete imara zenye mlango wa kufunguka, zilizofungwa juu ya mwamba, inapinda, inashuka hadi kwa mwenzake aliyesimama chini, na pale inapita ndani ya kibana kilichofungwa kwenye kitanzi cha mbele cha mkanda wake. Mpandaji akipanda hatua moja, kamba inalegea hatua moja, na mshika kamba anaivuta ilegee kidogo iwezekanavyo. Hiyo ndiyo kamba ya juu, na ndiko kila mtu anakopaswa kuanzia. Namna ya pili ni kuongoza: hakuna kamba juu, mpandaji anakwenda nayo na kuipitisha kwenye karabina za bolti zilizokitwa mwambani, moja baada ya nyingine, na akianguka anashuka umbali uliopo hadi bolti ya mwisho, kisha umbali uleule tena chini yake, ndipo kamba ikaze.

Mpandaji wa kilo 80 akining'inia kwenye kamba ya juu, msuguano wa karabina ya juu unapunguza sehemu ya uzito, na mshika kamba anabaki na karibu theluthi mbili yake, yaani kilo hamsini na kitu. Hapo mtu ametulia tu, hajaanguka. Mwongozaji akianguka, nguvu inayofika mwilini mwake huwa ya kilonyutoni kadhaa, na kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100. Mkono wa mtu mzima unaobana kamba laini ya milimita 10 unashikilia makumi machache ya kilo, kisha kamba inaanza kuteleza na kuunguza kiganja. Pengo kati ya kile mkono unachoweza na kile kinachotakiwa ndilo kazi ya kibana.

Pengo hilo linazibwa kwa msuguano, na kwa watu wa pwani hili si geni. Mwangalie baharia pale Mikindani anapozuia jahazi lisichukuliwe na maji: hashindani nalo kwa nguvu za mikono, anazungusha kamba kwenye nguzo na kushika ncha. Kila mzunguko unazidisha nguvu yake. Tukichukua kipimo cha msuguano cha 0.3, mzunguko mmoja unazidisha nguvu ya mkono zaidi ya mara 6, na mizunguko miwili inaizidisha zaidi ya mara 40. Lakini zidisha sifuri kwa 40 upate nini? Baharia akiachia ncha, jahazi linaondoka, hata kama kamba imezungushwa vizuri. Kibana kamba nacho kinafanya hesabu hiyohiyo ya kuzidisha, kwa kuipindisha kamba kwenye kona kali za chuma.

Hapo zamani kamba ilizungushwa mwilini, ikapita mgongoni na kiunoni mwa mshikaji, na msuguano ukawa wa nguo na ngozi. Kamba zenyewe zilikuwa za nyuzi za mimea, ndugu za hii katani tunayoilima Lindi na Mtwara, nazo hazikuvutika vya kutosha. Kuanguka ukiwa unaongoza lilikuwa jambo lisiloruhusiwa kabisa, maana kamba ingeweza kukatika au kuuvunja mwili ulioifunga. Nailoni ndiyo iliyobadilisha mambo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ikaleta kamba yenye moyo wa nyuzi ndani na gamba lililosukwa nje. Ndiyo muundo unaotumika mpaka leo. Karibu na mwaka 1970 Mjerumani Fritz Sticht akatoa kibamba cha chuma chenye tundu la kupitisha kunjo la kamba. Kipindi hichohicho Mswisi Werner Munter alikuwa anaeneza fundo linalofanya kazi hiyo bila kifaa chochote, kwa karabina pana peke yake. Fundo la Munter linafaa kujifunza hata leo. Siku kibana kinapokuponyoka na kubingirika mwambani, ndilo linalokushusha salama, ingawa linaisokota kamba vibaya.

Kibamba cha Sticht ndicho babu wa kifaa kilichoenea zaidi sasa, ambacho wapandaji wengi tunakiita tubu. Ni kipande chepesi cha aluminiamu chenye matundu mawili na kitanzi cha waya. ATC ya Black Diamond ndiyo maarufu, na zipo nyingi zinazofanana nayo. Unapitisha kunjo la kamba kwenye tundu moja, unaliingiza kwenye karabina ya kufunga, unaining'iniza karabina kwenye kitanzi cha mkanda. Tubu haina spring'i wala kipande kinachozunguka. Breki yake yote iko kwenye pembe ya kamba. Ukishusha mkono wa breki chini, usawa wa paja, kamba inapinda kwa ukali pande mbili na kukwama. Ukiuinua mkono huo hadi kifuani, kamba zote mbili zinakuwa sambamba, pembe inapotea, na msuguano unabaki kidogo sana. Ukiwatazama wanaoanza utaona wengi wanavuta kamba kwa mkono wa breki kwenda juu, kisha wanausahau hukohuko wakiwa wanamwangalia mpandaji. Kwa sekunde hizo mpandaji hana breki, na wote wawili hawajui.

Kwa hiyo mwendo wa mikono unafundishwa kwanza, mwamba baadaye. Chukua mkono wa kulia uwe wa breki. Mkono wa kushoto unaivuta kamba ya upande wa mpandaji ishuke, na wakati huohuo wa kulia unaivuta kamba iliyotoka kwenye kibana kwenda mbele na juu. Mara moja, bila kutulia, wa kulia unashuka hadi pajani. Sasa mkono wa kushoto unahama, unashika kamba ya breki chini ya wa kulia. Wa kulia unateleza juu kukaribia kibana, vidole vimeizunguka kamba muda wote. Kisha wa kushoto unarudi mahali pake, na mzunguko unaanza upya. Ukiutazama vizuri mwendo huo utaona hakuna hata sehemu moja ambapo mkono wa breki umeachia kamba. Umeteleza juu yake, basi. Watu wanaweza kuufanyia mazoezi chini ya mwembe, mmoja akitembea kwenda mbele na kurudi, mpaka mikono iufanye huku mdomo unazungumza habari nyingine. Mtu asiyeufikia ujuzi huo asimshikie mwenzake kamba.

Kundi la pili ni vibana vinavyosaidia kufunga. GRIGRI ya kampuni ya Petzl ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1991, ndiyo iliyofungua njia. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachozunguka. Kamba ikienda polepole inapita. Ikivutwa ghafla kipande kinazunguka na kuibana ukutani. Wapo wengine wa kundi hili wasio na kipande kinachozunguka, wanaibana kamba kwa umbo la kifaa na namna karabina inavyosogea. Vyote ni msaada mkubwa. Lakini zingatia neno msaada, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanasisitiza mkono wa breki usitoke kwenye kamba.

Wanasisitiza kwa sababu zinazojulikana. Kwanza kamba inaweza kuingizwa kinyume, upande wa mpandaji ukawa upande wa breki. Kifaa kitafungika vizuri, kitaonekana kizima, na hakitashika kitu. Ndiyo maana kimechorwa alama kuonyesha kamba ipi iende wapi, na ndiyo maana baada ya kuifunga unaivuta kamba ya mpandaji kwa nguvu mara moja kuona kama inakwama. Pili, anayemlisha kamba mwongozaji kwa haraka huwa anakizuia kile kipande kwa dole gumba ili kamba ipite bila kukwama. Mwongozaji akianguka dakika hiyo, dole gumba linaendelea kuzuia, maana mwili ukishtuka hubana kile ulichokishika. Tatu ni mpini wa kifaa, unaovutwa ili kumshusha mpandaji. Mpandaji akishuka haraka kuliko alivyotarajia hupiga kelele, mshika kamba naye akashtuka na kuuvuta zaidi, na kuuvuta ndiko kuifungua kamba. Baadhi ya matoleo ya sasa yanajifunga mpini huo ukivutwa kupita kiasi, ila si yote. Na kila kifaa kina unene wa kamba kinaoukubali. GRIGRI ya sasa ni ya milimita 8.5 hadi 11. Kamba nyembamba kuliko kipimo inaweza kupita bila kubanwa.

Msimamo wangu ni kwamba mtu ajifunze kwenye tubu, mikono ikubali nidhamu yake, kisha ahamie kwenye kibana kinachosaidia na abaki huko. Tubu inakufundisha kwa sababu haikusamehe. Lakini mshika kamba naye ni mwanadamu, na miamba yetu ina mambo yake. Nyuki hupenda nyufa za majabali, na mtu aliyevamiwa na nyuki usoni hawezi kuahidi kwamba mkono wake utabaki pajani. Jiwe linaweza kung'oka juu likampiga kichwani. Anaweza kuteleza akaanguka yeye mwenyewe. Katika dakika hizo kifaa kinachobana kamba chenyewe, hata kama hakijaahidi kufanya hivyo kila mara, ni bora mara nyingi kuliko kisichobana kabisa. Kile kifaa chenye umbo la namba nane, ambacho bado kinazunguka mikononi mwa watu kwa sababu ni rahisi, kilibuniwa kwa ajili ya kushukia. Breki yake ni dhaifu na kinaisokota kamba. Sipendi kuona mtu anakitumia kumlindia mwongozaji.

Karabina ya kushikilia kibana iwe ya kufunga, yenye umbo pana la pea, na mara nyingi imeandikwa herufi H. Viwango vya Ulaya vinataka karabina ya aina hiyo istahimili kilonyutoni 20 ikivutwa kwa urefu wake mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukiwa wazi kiwango ni 6, na ikivutwa kwa upana ni 7. Kwa hiyo karabina iliyolala kiubavu kwenye kitanzi, au ambayo skrubu yake imelegea kwa kutikisika na mlango ukafunguka, imepoteza karibu theluthi mbili ya nguvu yake bila kukatika wala kupinda. Usiitazame tu. Ibane mlango kwa vidole uone kama unafunguka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu huku kusini nadhani ni gumu kuliko msuguano na kilonyutoni. Kabla mguu haujatoka ardhini, wapandaji wawili wanakaguana. Bizimu za mkanda zote zimefungwa, fundo limepita kwenye vitanzi vyote viwili vya mkanda, kiuno na mapaja, limekazwa, na ncha iliyobaki ina urefu wa angalau mara 10 ya unene wa kamba, kamba imeingia kwenye kibana upande sahihi, karabina imefungwa, ncha ya pili ya kamba ina fundo. Ukaguzi huo unafanywa kwa kugusa. Unavuta, unabana, unahesabu nyuzi za fundo mbilimbili. Macho yana tabia ya kuona kile yalichozoea kukiona.

Ugumu unakuja pale wapandaji wanapokuwa na umri au cheo tofauti. Miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito. Neno lake halirudishwi ovyo. Nimemwona kijana wa miaka kumi na minane amesimama mbele ya mjomba wake, mtu aliyefanya kazi ya ubaharia miaka mingi na anayejua mafundo kuliko sisi sote, akitafuta namna ya kuanza.

"Mjomba, naomba nilione fundo lako."

"Mimi nafunga mafundo kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo, mjomba. Naomba nilishike tu."

Akainama, akalishika. Fundo lilikuwa zuri, limelala sawa, lakini limepita kwenye kitanzi cha mapaja peke yake. Cha kiuno kilikuwa kimerukwa. Mjomba alitazama chini muda mfupi, akalifungua, akalifunga upya, kisha akasema, "Haya, sasa na mimi nikukague." Heshima haikupungua hata chembe. Yule mzee hakukosa ujuzi. Alikosa jicho la pili, na kila mtu hulikosa akiwa peke yake.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Lynn Hill wa Marekani, mmoja wa wapandaji hodari kuliko wote waliowahi kuishi. Mwaka 1989, kwenye miamba ya Buoux huko Ufaransa, alipitisha kamba kwenye mkanda wake, mawazo yakahama kabla hajamaliza fundo, na koti likafunika pale ambapo fundo lilitakiwa liwe. Akapanda hadi juu. Alipojiegemeza kwenye kamba ili ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20 na akaokolewa na matawi ya mti. Miaka minne baadaye akawa mtu wa kwanza kuipanda njia ya The Nose ya El Capitan, jabali kubwa la Yosemite huko Marekani, bila kujivuta kwa vifaa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alikuwa mgeni wa kazi hii. Ukaguzi wa sekunde ishirini ungeliona koti, ungelifunua.

Kwa hiyo kwenye kundi lolote ninalopanda nalo, mdogo ndiye anayeanza kumkagua mkubwa. Inampa haki ya kusema kabla hajaihitaji. Mkaguzi akiingiliwa na mtu mwingine kwa salamu au simu, ukaguzi unaanza upya kutoka kwenye bizimu. Na utani, ambao tunaupenda na unatusaidia kuambiana ukweli bila kukwaruzana, tunausubirisha mpaka ukaguzi uishe.

Maneno nayo yakubaliwe chini, si juu. Mpandaji anasema "Tayari?", mwenzake anajibu "Tayari, panda", na kabla ya jibu hilo hakuna anayeng'oa mguu. "Kaza" ni kuivuta kamba, "legeza" ni kuitoa, "nishushe" ni kumteremsha. Ongeza jina la mwenzako kila mara, maana mwambani panaweza kuwa na makundi mawili, na "legeza" ya mtu mwingine isikuhusu. Lakini swali la maana kuliko yote ni lile la kufika juu: utashushwa na mwenzako, au utajishusha mwenyewe? Ajali mbaya zimetokea kwa sababu mpandaji aliamini anashushwa, akajiachia kinyumenyume, huku wa chini akiamini mwenzake anajishusha, akawa ameshatoa kamba kwenye kibana. Upepo wa juu hula sauti. Kama hamkukubaliana chini, mshika kamba asitoe kamba kwenye kibana mpaka aone kwa macho yake mwenzake yuko ardhini.

Kusimama nako kuna utaalamu wake. Chukua mwongozaji ambaye kiuno chake kiko mita 5 juu ya ardhi na bolti ya mwisho aliyoipitisha iko mita 3. Kati yake na bolti pana mita 2 za kamba, kwa hiyo ataanguka mita 4 kabla kamba haijaanza kumshika. Kiuno kitakuwa mita 1 juu ya ardhi, yaani miguu imeshafika. Ongeza kamba legevu iliyolala mbele ya mshikaji, ongeza kuvutika kwa kamba, na unaona kwa nini bolti tatu za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa ya kugonga ardhi. Mshika kamba asimame karibu na mwamba, pembeni kidogo ya mstari wa kuanguka, kamba ikiwa na ulegevu mdogo tu. Akisimama mbali, mita tatu nyuma, kamba inamvuta kuelekea mwambani na zile mita tatu zinakuwa mita za kuanguka.

Mpandaji akiwa juu zaidi, hesabu inabadilika kwa faida yake. Urefu wa kuanguka ukigawanywa kwa urefu wa kamba iliyotoka ndio unaopima ukali wa pigo. Kuanguka mita 2 kwenye kamba ya mita 20 ni 0.1, kuanguka mita hizohizo kwenye kamba ya mita 2 ni 1, kali mara kumi kwa kipimo hicho, kwa sababu kamba fupi haina urefu wa kuvutika. Kamba za kupandia hupimwa kwa uzito wa kilo 80 unaoangushwa kwa kipimo cha karibu 1.8, na lazima zistahimili mara 5 kwa uchache, pigo la kwanza lisizidi kilonyutoni 12. Hakuna kamba ya uvuvi wala ya kufungia mizigo iliyopimwa hivyo. Kamba ya plastiki inayouzwa sokoni ni imara kwa kazi yake, lakini haivutiki kwa namna ya kupunguza pigo, jua linaila, na inayeyuka kwa joto dogo kuliko nailoni. Isitumike kumlinda mtu hata kwa majaribio.

Hata kwenye kamba ya juu kuvutika kunadanganya. Njia ya mita 25 ina karibu mita 50 za kamba wakati mpandaji yuko chini, na zikivutika kwa asilimia 5 tu ni mita mbili au tatu. Anayeteleza hatua ya tatu anaweza kukaa chini kabisa. Mwanzoni, kaza.

Tofauti ya uzito isionewe aibu kutajwa. Mpandaji wa kilo 90 akianguka akiwa anaongoza, mshikaji wa kilo 55 atapaa. Akipaa kidogo ni vizuri, pigo linakuwa laini. Akipaa sana atagonga bolti ya kwanza, mkono utaumia, na mkono ukiumia unaachia. Mfunge mwepesi kwenye mti au jiwe lililo nyuma yake kwa ukanda wenye ulegevu mdogo, au tumia kifaa cha kuongeza msuguano kinachowekwa kwenye bolti ya kwanza, kama Ohm ya Edelrid. Au mbadilishane tu.

Kisha kuna ncha ya kamba. Kamba ya mita 60 inatosha kumshusha mtu kutoka njia ya mita 30, na si zaidi. Njia ikiwa ndefu kuliko mlivyodhani, mshika kamba anayetazama juu haoni ncha inapopita kwenye kibana. Fundo moja mwishoni linakwama kwenye kibana na kumaliza hatari hiyo. Brad Gobright, mpandaji mahiri wa Marekani, alifariki Novemba 2019 huko El Potrero Chico, Meksiko, yeye na mwenzake walipokuwa wanajishusha kwenye kamba ambayo ncha zake hazikuwa sawa wala hazikuwa na mafundo.

Mwisho ni utunzaji, na hapa mazingira yetu yana lake. Kamba inayosafiri kwenye buti la gari au nyuma ya bodaboda isiwekwe karibu na betri. Asidi ya betri, hata mvuke wake, inaharibu nailoni bila lazima kuacha alama. Ukipanda mawe ya matumbawe ya pwani, kingo zake zinakata; weka turubai au zulia kuukuu pale kamba inapopindia, na ukirudi osha vifaa vya chuma kwa maji baridi kuondoa chumvi, vikauke kivulini. Bolti zilizo karibu na bahari nazo zisiaminiwe kwa sababu zinang'aa. Chumvi na joto vinaweza kuupasua chuma cha pua kutoka ndani. Huko Thailand wamelazimika kutumia bolti za titani kwenye miamba ya ufukweni.

Mkanda una kitanzi cha mbele ambacho kinabeba kila kitu. Mwaka 2006 Todd Skinner, mpandaji wa Marekani mwenye uzoefu mkubwa, alifariki Yosemite kitanzi cha mkanda wake kilipokatika, kilikuwa kimechakaa. Kikunje kitanzi hicho kwa vidole kila kabla ya kupanda, utafute nyuzi zilizonyanyuka, sehemu iliyokakamaa au rangi iliyopauka. Pitisha kamba yote mkononi, mita kwa mita, ukisikiliza kwa vidole mahali palipolegea au palipobonyea, maana ndipo moyo wa kamba umeumia chini ya gamba zima. Kamba au mkanda uliokataliwa ukatwe vipande vifupi siku hiyohiyo. Ukiachwa mzima kwenye ghala, kuna kijana atauokota.